Waya Isiyo na Jina

Leo nataka kuwaandikia juu ya historia ya ndege, hasa ndege ambazo watu wanajijengea wenyewe nyumbani. Lakini mniruhusu nianze na simu moja ya usiku, juu bila ile simu nisingekuwa na sababu ya kusoma haya mambo.

Ilikuwa saa mbili na nusu za usiku. Mdogo wangu mmoja, aliyekuwa anamaliza masomo ya umeme, alikuwa ameitwa kutengeneza taa za kituo kimoja cha afya. Zile taa ni mimi niliyezifunga, miaka miwili mbele yake, wakati wa likizo: paneli mbili juu ya nyumba, batri, regilateri, taa sita. Kazi ilipendeza. Watu walipiga makofi, nikapewa kuku, nikarudia masomo yangu.

«Yaya,» aliniambia, «hapa chini ya regilateri kuko waya sita, zote nyeusi. Panya walikula mbili, zingine zimechomoka. Hii ya kushoto iko ya nini?»

Nilifunga macho nikajaribu kuiona ile regilateri. Sikuiona. Nilikumbuka kuku, sikukumbuka waya. Nikajibu: «Ya kushoto ni ya batri, nafikiri.»

Lile neno «nafikiri» njo lililoharibu kazi. Waya ya kushoto ilikuwa ya paneli. Paneli zangu mbili nilikuwa nimezifunga mfululizo, na kila moja inaweza kutoa volti 21 hivi ikiwa haina mzigo. Zikiunganishwa zinapita 40. Asubuhi jua lilipopanda, regilateri ilitoa moshi, na taa nne zikafa pamoja nayo. Kwa muda wa zaidi ya mwezi kina mama walizalia kwa mwangaza wa simu. Mama mkunga aliniambia baadaye, bila hasira, na hiyo njo iliyonichoma zaidi: «Mwanangu, usiku mmoja nilishika simu kwa meno, juu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.»

Kosa halikuwa la yule mdogo. Halikuwa la panya pia. Lilikuwa langu mimi niliyefunga waya sita za rangi moja, bila alama, bila mchoro, bila karatasi hata moja, nikaondoka na mpango wote kichwani. Na kichwa kilisahau.

Basi nikaanza kutafuta: wengine wanafanyaje? Nilifikiri nitajifunza kwa makampuni makubwa. Kumbe waliokuwa na shida inayofanana na yetu ni watu wanaojenga ndege kwenye gereji zao. Mtu wa namna hiyo yuko peke yake. Hana ofisi ya michoro wala mkubwa wa kumkagua kila jioni. Anapanga mwenyewe, anafunga mwenyewe, halafu siku moja anauza ile ndege kwa mtu mwingine, au anazeeka, au anakufa. Anayebaki na ndege anabaki na waya ambazo hakuzifunga. Ni sawasawa na sisi na paneli zetu za vijijini.

Ndege yenyewe si mgeni kwetu kama tunavyofikiri. Mwaka 1916, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Wabelgiji walileta ndege 4 za maji, aina ya Short zilizotengenezwa Uingereza, ili wapigane na Wajerumani kwenye ziwa Tanganyika. Hazikuja kwa kuruka. Zilikuja kwa vipande, zikapanda mto Kongo kutoka Matadi, treni na mashua zikipokezana, mpaka Kindu. Kutoka Kindu zikapanda reli ya CFL, ng'ambo ya Lualaba upande wa Kibombo na Samba, mpaka Kongolo. Kisha mto tena mpaka Kabalo, na treni tena mpaka ziwani. Kule zikafungwa upya, na mwaka ule ule zikaenda kupiga mabomu Kigoma.

Maana yake ni kwamba ndege za kwanza za mashariki mwa Kongo zilipita Maniema ndani ya masanduku. Babu zetu waliona masanduku tu. Na mimi nikifikiri juu ya yale masanduku, ninajiuliza swali la fundi: yakifunguliwa kando ya maji, maelfu ya kilomita kutoka mahali yalipofungwa, nani anajua kipande hiki kinaenda wapi? Kitu kikitenganishwa na mtu aliyekitengeneza, ni lazima maarifa yasafiri pamoja nacho. Kama maarifa yako kichwani mwa mtu, na mtu amebaki Ulaya, mnabaki na mbao na nguo.

Hii shida ilianza na ndege ya kwanza kabisa. Tarehe 17 mwezi wa 12 mwaka 1903, ndugu Wilbur na Orville Wright waliruka kule Kitty Hawk, Marekani. Ndege yao tunaweza kuiita ya nyumbani: wao walikuwa watengenezaji wa baiskeli. Injini ilitengenezwa kwa wiki 6 na fundi wao, Charlie Taylor, mwenye kujua kazi ya vyuma lakini si mtu wa chuo kikuu. Umeme wake ulikuwa mdogo sana. Batri za kuanzishia injini zilibaki chini. Angani cheche za kuwashia petroli zilitoka kwa magneto, yaani chombo kinachozungushwa na injini yenyewe na kutoa umeme wake. Hakuna taa, hakuna redio.

Taylor alieleza baadaye, akiwa mzee, kwamba hawakufanya michoro ya kweli. Mmoja wao alichora kipande kwenye karatasi yoyote iliyokuwa karibu, na yeye akaipigilia juu ya meza yake ya kazi, akatengeneza. Kwa watu 3 walio katika chumba kimoja ilitosha. Lakini waliokuja nyuma, waliotaka kujua ile injini ilitengenezwa namna gani hasa, walilazimika kuipima yenyewe, kipande kwa kipande. Huo njo ugonjwa wa kwanza, na ni ule wangu: kazi nzuri, karatasi hakuna.

Mfaransa mmoja, Henri Mignet, alifanya kinyume. Mwaka 1934 alitoa kitabu kilichomfundisha mtu wa kawaida kujijengea ndege ndogo aliyoiita Pou-du-Ciel, yaani «chawa wa angani». Mbao, misumari, nguo, injini ndogo, na maelezo yote hatua kwa hatua. Mamia ya watu Ufaransa na Uingereza wakaanza kupigilia. Kisha ajali zikaja, watu wakafa, serikali zikaizuia. Lakini angalieni jambo moja. Kwa kuwa wengi walikuwa wamefuata mchoro mmoja unaojulikana, wachunguzi waliweza kuichukua ndege ya aina hiyo, kuipima kwenye upepo wa mashine, na kugundua kasoro iko wapi: mabawa yake mawili yalisumbuana wakati ndege imeinamisha pua sana. Mignet akabadilisha mpango wake. Mchoro hauzuii kosa, lakini unafanya kosa lionekane. Kosa lisiloandikwa linajificha mpaka siku ya kuua.

Baada ya vita ya pili, mwaka 1953, Mmarekani Paul Poberezny na wenzake walianzisha chama cha wajenzi wa ndege za nyumbani, kinachoitwa EAA, kule Wisconsin. Ninawapenda juu walikuwa kama sisi: watu wanaokutana, wanaonyeshana kazi, wanaandikiana, wanaambiana makosa. Wakati ule bado umeme wa ndege ndogo ulikuwa kitu kidogo. Injini zilikuwa na magneto zao, hivi kwamba hata batri ikifa, injini inaendelea kuzunguka. Umeme ukikatika unapoteza taa na redio, na unatua.

Leo si hivyo. Ndege ya nyumbani ya sasa ina redio, vioo vya kompyuta mahali pa saa za zamani, kifaa cha kuonyesha njia, pampu ya petroli ya umeme, taa za mabawa. Kuko injini mpya ambazo petroli inaingizwa na kompyuta; umeme ukikatika kabisa, injini nayo inazima. Hapo waya imekuwa kama mshipa wa damu. Na kila mshipa umewekwa na mtu mmoja, jioni, baada ya kazi yake ya kawaida, labda akiwa amechoka.

Ugonjwa wa pili ni kubadilisha kitu na kutokiweka alama. Mfano wake unajulikana dunia nzima, ijapokuwa hauhusu waya bali petroli. Tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1997, mwimbaji John Denver alianguka baharini karibu na Pacific Grove, California, akiwa peke yake katika ndege ya nyumbani ya aina ya Long-EZ, iliyobuniwa na Burt Rutan. Si yeye aliyeijenga. Aliinunua, na ilikuwa mikononi mwake kwa muda mfupi sana. Mjenzi hakufuata michoro ya Rutan mahali pamoja: kishikio cha kuchagua tangi la petroli alikiweka nyuma ya bega la kushoto la rubani. Hakikuwa na alama ya kuonyesha upande upi ni tangi lipi. Wachunguzi walieleza kwamba ili kukifikia, rubani alipaswa kujigeuza kwenye kiti, na akijigeuza ni rahisi mguu wake usukume kanyagio na ndege ipinde.

Mjenzi alikuwa na haki ya kubadilisha. Ndege ya nyumbani inaruhusu hivyo. Kwake yeye kile kishikio kilieleweka, juu alikiweka kwa mikono yake. Hatari ilianza siku kilipoingia mikononi mwa mtu mwingine. Wadogo zangu, hapa njo mahali pa kujipima. Sisi wote tunaposema «mimi ninajua waya zangu», tunasema kweli. Swali ni yule atakayekuja nyuma anajua nini.

Msidhani makampuni makubwa yameepuka. Tarehe 2 mwezi wa 9 mwaka 1998, ndege ya Swissair namba 111 ilitoka New York kwenda Geneva ikiwa na watu 229. Moto ulishika juu ya dari karibu na chumba cha marubani, ndege ikaanguka baharini karibu na Kanada, na hakuna aliyepona. Uchunguzi ulichukua zaidi ya miaka 4. Walikusanya vipande kutoka chini ya bahari, wakakagua waya moja moja. Walipata dalili za cheche kwenye waya za mfumo wa sinema na michezo ya abiria, ulioongezwa baada ya ndege kutoka kiwandani. Na wakakuta jambo lingine: ule mfumo ulikuwa umeunganishwa mahali ambapo swichi ya kukata umeme wa chumba cha abiria haikuugusa. Rubani anazima swichi akifikiri amekata, kumbe nyuma ya ukuta waya bado ina umeme. Wachunguzi hawakusema kwamba swichi peke yake ingeokoa wale watu. Lakini ugonjwa wa tatu unaonekana wazi: kuongeza kitu kipya mahali penye nafasi, bila kujiuliza kama kinaendana na mpango wa kwanza. Mara ngapi umeona mtu kwetu anaongeza televisheni, kisha friji, kisha mashine ya kunyoa, kwenye waya iliyopangwa kwa taa mbili?

Ugonjwa wa nne ni wa kuchekesha kidogo, ila uligharimu pesa nyingi. Ndege kubwa ya Airbus A380 ina zaidi ya kilomita 500 za waya. Mafundi wa Hamburg, Ujerumani, na wale wa Toulouse, Ufaransa, walichora kwa matoleo mawili tofauti ya programu moja. Michoro ilikuwapo, tena mingi, lakini haikukubaliana. Mafungu ya waya kutoka Hamburg yakafika Toulouse, na nyingine zikawa fupi: hazikufikia mahali pake. Ndege ya kwanza ilimfikia mnunuzi mwezi wa 10 mwaka 2007, na ucheleweshaji wote ulikaribia miaka 2. Kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi. Karatasi mbili zinazopingana zinaweza kupoteza watu kuliko kukosa karatasi.

Sasa, wajenzi wa nyumbani walijifunza nini? Mmoja wa walimu wao ni Robert Nuckolls, mtu wa Wichita, Kansas, aliyeandika kwa miaka mingi juu ya umeme wa ndege ndogo katika kitabu chake The AeroElectric Connection. Nilipomsoma yeye na wenzake nilishangaa kuona kwamba kazi kubwa inafanyika mbele ya kukata hata sentimita moja ya waya. Nitaieleza kwa lugha yetu.

Kwanza wanaandika orodha ya mizigo: kila kifaa kinakula umeme kiasi gani. Mfano wa kwetu: taa 6 za wati 9 ni wati 54, gawanya kwa volti 12, unapata ampea 4 na nusu. Ile orodha njo inayokuambia unene wa waya, ukubwa wa batri na idadi ya paneli. Mimi nilinunua batri iliyokuwako sokoni, kisha nikaomba Mungu.

Pili wanajiuliza kwa kila kifaa: hiki kikifa, nitajuaje, na nitafanya nini? Mjenzi wa ndege anajiambia: mashine ya kuzalisha umeme ikifa nikiwa angani, vifaa gani ni vya lazima nitue salama? Vile anaviweka pamoja kwenye njia yake peke yake, na anahesabu batri ivibebe mpaka petroli iishe. Vingine anavizima. Kwenye kituo cha afya, kitu cha lazima ni taa ya chumba cha kuzalia. Kuchaji simu za watu kunaweza kungoja kesho.

Tatu, fyuzi. Inakaa karibu na mahali umeme unapotoka, na kazi yake ni kulinda waya. Wengi tunafikiri inalinda taa. Waya nyembamba ikibeba umeme mwingi inakuwa moto, na ule moto hauulizi kama uko ndani ya ndege au chini ya paa la majani.

Nne wanatengeneza kitabu cha waya. Ukurasa mmoja, njia moja: unaanza kwenye batri, unapita fyuzi, swichi, kifaa, unarudi. Si picha moja kubwa ya kila kitu inayofanana na sahani ya tambi. Mtu akitafuta shida ya taa, anafungua ukurasa wa taa tu.

Tano, kila waya inapata jina, na jina linaandikwa kwenye ncha zake zote mbili. Desturi ilitoka kwa jeshi la Marekani: herufi ya kwanza inasema kazi, kwa mfano L ni taa na P ni umeme mkuu; inafuata namba ya waya, herufi ya kipande chake, kisha unene wake. Ukiona L12A20 unajua hii ni ya taa, waya ya 12, kipande cha kwanza, unene namba 20. Huhitaji kumpigia mtu simu saa mbili na nusu za usiku.

Sita, wanaandika mabadiliko. Umegusa nini, tarehe gani, kwa sababu gani, na jina lako. Mchoro wa zamani unafutwa kwa msalaba ili zisibaki karatasi mbili zinazopingana.

Msiniambie kwamba hayo ni mambo ya wazungu wenye nafasi. Mwaka 2010 magazeti yalimwandika Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta wa Kenya, aliyejijengea ndege nyumbani kwa kutumia injini ya gari la Toyota na maarifa aliyoyaokota kwenye intaneti. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini, wengi bado wanafunzi, walifunga ndege ya viti 4 aina ya Sling 4 kwa muda wa wiki 3, na Megan Werner, mwenye miaka 17, akawa miongoni mwa marubani walioipeleka kutoka Cape Town mpaka Kairo. Vijana 20 wanawezaje kufunga vipande maelfu kwa wiki 3 bila kugongana? Juu ndege ya namna ile inakuja na kitabu, na kila kipande kina namba. Akili walikuwa nayo, na sisi tunayo pia. Sisi tunakosa kitabu, na kitabu ni daftari na kalamu.

Kuko sababu ambayo hatuisemi wazi. Fundi wetu anaogopa kuandika. Anafikiri akiacha mchoro, mwingine atachukua kazi yake. Mimi nilikuwa na hiyo roho. Nilijiambia: wakiwa na shida wataniita mimi. Ndiyo, waliniita. Na sikuwa na jibu. Ile siri niliyoificha wengine wasiione, nilijifichia hata mimi mwenyewe.

Likizo iliyofuata nilirudi kwa kile kituo. Nilinunua regilateri kwa pesa yangu. Sikupata waya za rangi nyingi sokoni, nikaendelea na nyeusi, lakini kwenye kila ncha nilizungushia kipande cha plasta ya hospitali na kuandika kwa bici: P1 na P2 za paneli, B1 na B2 za batri, T1 mpaka T6 za taa. Plasta juu nikaifunika kwa skochi, jasho na vumbi visifute. Waya zenyewe nikazipitisha ndani ya bomba, kwa ajili ya panya. Kisha nikachora kwenye daftari, ukurasa mmoja njia moja. Nililifunga ndani ya mfuko wa plastiki nikalitundika msumarini, kando ya batri, na kila ukurasa nikaupiga picha kwa simu.

Niliandika kwa Kiswahili. Masomo yangu yote nilifanya kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa ingeonekana kazi ya msomi. Lakini mama mkunga anasoma Kiswahili, na ni yeye anayelala na zile taa.

Mwaka jana nilipita pale tena. Nikalifungua daftari. Kwenye ukurasa wa mwisho, ule wa mabadiliko, chini ya mwandiko wangu kulikuwa mwandiko wa mtu mwingine, wa bici nyekundu, umeinama kidogo: «T4 nimebadilisha. Ilikatika kwenye kona ya dirisha.» Tarehe, na jina. Alikuwa yule mdogo wangu wa simu. Hakunipigia. Hakuwa na haja.

Nina ombi moja kwa chama chetu. Kila mmoja wetu aliyefunga umeme mahali popote, kwenye shule, kanisa, msikiti, kituo cha afya au kwa mjomba wake, arudi huko likizo hii na daftari moja. Tupige picha za kurasa na tuziweke pamoja, ili mmoja wetu akiwa mbali au asipokuwapo tena, waya zake zibaki na majina. Wenye kujua umeme kunipita, mnisahihishe hapa chini. Wenye daftari tayari, tuonyesheni ukurasa wa kwanza.